Afadhali Wagongane Kwenye Kioo

Kuna jambo dogo linalonifurahisha kwenye mafunzo ya mabaharia huku Uholanzi: mwanafunzi akigonga meli kwenye simuleta, yaani mashine inayoigiza uendeshaji wa meli kwenye kioo cha kompyuta, hachekwi wala hatukanwi. Mkufunzi anarudisha zoezi dakika kumi nyuma, anaongeza ukungu, anamwambia rudia. Nataka serikali yetu Nairobi itoe pesa, vijana wetu wanaosomea ubaharia nao wafunzwe hivyo.

Nyumbani mnajua tunavyofunzwa. Shule ya udereva Nairobi ni ubao wa barabara na kigari cha kuchezea, halafu unatupwa Thika Road katikati ya matatu. Msiseme nimepanda ndege nikaanza kudharau kwetu. Vijana wetu wanazijua kanuni za kuzuia migongano baharini, zile za 1972, kichwani. Waulize Kanuni ya 15, watakujibu papo hapo: meli mbili za injini zikikatizana njia, anayemwona mwenzake kuliani ndiye anayepisha.

Shida inakuja saa ya kupisha kwenyewe. Meli mbili zinazoelekeana, kila moja noti 18 (maili 18 za baharini kwa saa), zinamaliza maili 6 zilizo kati yao kwa dakika 10. Ndani ya dakika hizo afisa wa zamu apime uelekeo wa ile nyingine kwa dira, tena na tena. Uelekeo huo usipobadilika huku umbali unapungua, mgongano unakuja. Asome rada, na ajue kama mshale anaoutazama ni wa mwendo halisi au wa mwendo ukilinganishwa na meli yake. Hapo wengi huanguka. Halafu anapinda kulia nyuzi 5, anangoja, anaongeza 5. Mwenzake haoni mabadiliko yoyote kwenye rada! Kanuni ya 8 inataka apinde mapema, na sana, aonekane. Kosa hilo haliondoki kwa kukemewa. Linaondoka afisa akiliona likimgonganisha kwenye kioo mara ya tatu, ya nne.

Mtaniambia hata Wamarekani, na mali yao yote, waligongana. Ni kweli. Juni 2017 manowari yao, USS Fitzgerald, ilikuwa na meli ya makontena, ACX Crystal, kuliani kwake, haikupisha, mabaharia 7 wakafa. Baadaye jeshi lao la majini liliongeza mafunzo ya simuleta.

Mwingine atasema Nairobi haina bahari. Kwani bajeti ya taifa inasomewa wapi? Na bei msinitajie. Chumba cha vioo pande zote ni ghali, nakubali, lakini zoezi la rada linataka kompyuta za mezani, programu yake, na mkufunzi aliyewahi kushika zamu baharini. Manahodha wastaafu wapo Mombasa. Waajirini.