AST isiachwe kwenye fomu ya maabara

Mgonjwa wa homa ya ini B akifika kliniki, mara nyingi huandikiwa ALT peke yake, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu. Kwangu hilo ni kosa, na linawagharimu watu. Bila AST, kimeng'enya kingine cha ini, hupati APRI, kipimo cha makovu ya ini ambacho hata hospitali ya wilaya inakimudu, bila kumchoma mtu sindano ya kunyofoa kipande cha ini.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua AST ya mgonjwa, igawe kwa kikomo cha juu cha kawaida cha maabara yenu. Jibu ligawe kwa chembe sahani, zile za kugandisha damu (kwa maelfu katika kila maikrolita), kisha zidisha kwa 100. AST ikiwa 56, kikomo 40 na chembe sahani 160, unapata 0.88. Maabara nyingine ikiwa na kikomo cha 35, mgonjwa huyohuyo anapata 1.0. Ndiyo maana kikomo lazima kiandikwe kwenye cheti cha majibu. Mwongozo wa WHO wa 2024 unasema mtu mzima mwenye homa ya ini B akizidi 0.5 ana makovu ya kutosha kuanzishiwa dawa, akizidi 1.0, fikiria sirosisi, yaani ini lililojaa makovu na kukakamaa.

Lakini namba hudanganya damu ikichukuliwa vibaya. Sindano nyembamba mno, au kichupa kilichotikiswa kwa nguvu, hupasua chembe nyekundu, nazo zina AST ndani yake. Damu ikitulia kichupani, ukiona maji ya juu yamekuwa mekundu, rudia. Chembe sahani nazo hugandamana ndani ya kichupa cha EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), mashine ikazihesabu pungufu. Tazama slaidi ya damu kwa hadubini kabla ya kumwambia mtu ini lake limeharibika.

Kanda ya Ziwa kuna mtego mwingine: kichocho cha tumbo. Bandama ikivimba huzizuia chembe sahani, APRI inapanda, ilhali makovu yamezunguka mishipa ya lango la ini na seli zenyewe bado zinafanya kazi. Hapo ultrasaundi inaeleza zaidi. FibroScan, mashine inayopima ugumu wa ini kwa wimbi la mtikisiko, huenda ikasoma ini laini tu.

FibroScan, ilipo, nayo ina masharti. Mgonjwa asile kwa saa 3, maana chakula huongeza damu kwenye ini na kulikaza. Alale chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, kifaa kiwekwe kati ya mbavu za kulia. Akiwa na maji tumboni, wimbi halipiti. ALT ikiwa imepanda sana, au moyo umechoka, ini husoma gumu kuliko lilivyo. Subiri hali itulie. Kwa homa ya ini B, zaidi ya kilopaskali 7 ni makovu, zaidi ya 12.5 ni sirosisi. Karatasi ionyeshe vipimo 10 vilivyokubalika, na kama ni zaidi ya kilopaskali 7, mtawanyiko wake usizidi asilimia 30 ya namba ya kati. Ukiletewa namba moja tupu, irudishe.