Kisiwa Hakikuwa Kitupu

Kila nikisikia wachambuzi wakikisifu kisiwa fulani kwa "nafasi yake ya kimkakati", nasubiri waseme nani anaishi hapo. Nitaelezwa urefu wa njia ya kurukia ndege, kina cha bandari, umbali hadi Ghuba ya Uajemi, na manowari za China zinazozidi kuonekana Bahari ya Hindi. Wenyeji hutajwa mwisho, kama watatajwa.

Diego Garcia, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Chagos, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Hindi, kinaniuma kuliko mfano mwingine wowote. Novemba 1965 Uingereza iliitenga Chagos na Mauritius, iliyopata uhuru wake mwaka 1968. Mwaka 1966 ikakubaliana na Marekani kwamba visiwa vile vitumike kwa ulinzi. Marekani ilitaka pahali pasipo na watu, na watu walikuwapo: wajukuu na vitukuu vya watumwa waliotolewa Madagaska na Msumbiji, waliofanya kazi kwenye mashamba ya minazi, wakaoana, wakazikana, wakawa na lugha yao ya Krioli. London ikawaita wafanyakazi wa mkataba, ili Umoja wa Mataifa uambiwe hakuna mwenyeji. Kati ya 1968 na 1973 wote wakaondolewa, watu wapatao 1,500 hadi 2,000. Waliokuwa wamekwenda Mauritius kutibiwa walizuiwa kurudi. Mbwa wao walikusanywa wakauawa kwa gesi.

Tumezoea kusema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Chagos hapakupiganwa. Nyasi ziling'olewa mapema ili tembo apate pa kusimama.

Husemwa watu waliondolewa kwa ajili ya usalama wa kambi ya kijeshi ya Diego Garcia. Hoja hiyo siikubali, na nina sababu. Peros Banhos na Salomon, visiwa vingine vya Chagos, viko takriban kilomita 200 kutoka kambini, navyo vikahamishwa watu. Isitoshe, Diego Garcia yenyewe ina wafanyakazi wa kiraia kutoka Ufilipino na kwingineko, wanaopika, wanaofua, wanaotengeneza mitambo. Mgeni wa kufua nguo za wanajeshi hakuwa hatari. Aliyeonekana hatari ni yule mwenye kaburi la bibi yake pale, kwa kuwa siku moja angeweza kusema hapa ni kwetu.

Kisiwa cha Greenland nacho kina kisa cha namna hii. Marekani ilitaka kukinunua kutoka Denmark mwaka 1946 kwa dola milioni 100 za dhahabu, ikakataliwa. Mkataba wa 1951 ukaipa kambi hata hivyo, na mwaka 1953 familia za Wainughuit, wenyeji wa kaskazini ya kisiwa hicho, zilizoishi kando ya kambi ya Thule zikaamriwa kuhama, zikapelekwa Qaanaaq, zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Leo Donald Trump anapokidai kisiwa hicho, angalau wakazi wake, wapatao 57,000, wana bunge lao, na sheria ya 2009 inawatambua kuwa taifa lenye haki ya kujiamulia uhuru. Wana mahali pa kusimama na kukataa.

Wachagosi hawana. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza iondoke Chagos haraka iwezekanavyo, na nilifurahi. Mei 2025 ukatiwa saini mkataba wa kuirudishia Mauritius mamlaka, huku Uingereza ikibaki na kambi ya Diego Garcia kwa miaka 99 kwa malipo ya wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Naunga mkono ukoloni uishe. Lakini waliokaa mezani ni serikali mbili tu. Wapo Wachagosi wanaoutetea mkataba huo na wapo wanaoupinga vikali, hasa walioko Uingereza, na hakuna aliyewapigisha kura. Unaruhusu Mauritius kurejesha watu kwenye visiwa vingine. Diego Garcia, walikozaliwa baadhi yao, haimo.

Nadai kura hiyo ipigwe, nao peke yao ndio wapige kura, kabla serikali yoyote haijaamua tena juu ya visiwa vile. Na ifanyike upesi: kati ya waliozaliwa kule kabla ya kufukuzwa, mdogo kuliko wote ameshapita miaka 50.