Mzee Getriebeseite na Klachi Yetu

Siku niliyojua klachi imekwisha ndiyo siku niliyopitwa mlimani na mtu anayesukuma toroli. Wala si toroli tupu, lilijaa mawe. Mimi nimekanyaga mafuta mpaka chini, injini inapiga mayowe, pikapu inajikokota kama kinyonga mwenye mashaka. Yule bwana alipofika usawa wa dirisha langu akapunguza mwendo, kwa heshima tu, akanisalimia, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akaniacha.

Harufu nayo ilikuwa imeshaingia ndani. Asiyeijua harufu ya klachi inayoungua achome nywele juu ya kandambili, ataipata.

Nilipofika tambarare nikafanya lile jaribio la wenye magari makuukuu: vuta breki ya mkono mpaka mwisho, tia gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo, achia klachi. Gari lenye klachi nzima huzimika hapo hapo. Langu liliendelea kuunguruma kwa raha zake, kama vile magurudumu ni ya jirani.

Fundi angeimaliza kazi ile kwa siku moja. Lakini mke wangu ana kaka.

Huyu shemeji yangu aliwahi kuwa utingo wa lori kwa miaka minne, na kwa imani yake ufundi humpanda mtu kupitia kiti anachokalia. "Shem," akaniambia, "klachi ni asubuhi moja tu. Unashusha giaboksi, unabadilisha sahani, unapandisha giaboksi. Mambo matatu." Hakusema uongo. Hata safari ya mwezini ni mambo matatu: unakwenda, unatua, unarudi.

Ijumaa alfajiri tukaiinua pikapu kwa jeki, tukaiketisha juu ya stendi nne za chuma, tukaitikisa kuhakikisha haichezi. Nataja hili kwa sababu ndilo jambo pekee tulilolifanya sawasawa siku ile. Ng'ambo ya ua, jirani yetu, mzee aliyestaafu kazi ya ufundi wa magari, alikuwa kwenye kigoda chake akisikiliza redio. Alipotuona tunaingia uvunguni, akaizima redio. Ningekuwa na akili ningeelewa.

Kwanza tukafungua propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye magurudumu ya nyuma. Shemeji akalala chali chini ya mkia wa giaboksi huku akinifundisha: "Hapa, shem, unafungua hizi bolti nne za nyuma, halafu unavuta hivi, inatoka yenyewe, unaona, haina—"

Haina nini, sijui mpaka leo. Propela ikishachomoka, mkia wa giaboksi hubaki wazi, na kama hujamwaga mafuta kwanza, yatajimwaga. Sisi hatukuwa tumeyamwaga. Na mafuta ya giaboksi si kama ya injini. Yana salfa, yananuka yai viza lililofufuliwa. Yalimwingia mdomoni katikati ya sentensi. Alitoka uvunguni akiwa na rangi ya samli, akatema, akafikiri, akasema, "Yamechoka haya. Tutabadilisha."

Bolti zinazoshikilia giaboksi kwenye injini si nyingi, ila zile mbili za juu kabisa ziliwekwa na mtu aliyewachukia binadamu. Huzioni. Unazipapasa. Unaunganisha vipande vitatu vya soketi mpaka vinakuwa virefu kama fimbo ya mchungaji, unapitisha spana juu ya giaboksi, unasali, unavuta, soketi inateleza, ngumi inagonga bodi. Bolti ya kwanza ilituchukua saa mbili. Ya pili sitaisimulia, kuna watoto wanaosoma.

Saa tisa alasiri kila kitu kimefunguliwa, giaboksi haitoki. Shemeji akaniambia nipande ndani ya kabini nimmulikie taa kupitia tundu la sakafuni. Nikapanda. Nimekaa kitini, taa mkononi, ghafla nikaona mkono wa gia unazama. Peke yake. Unazama taratibu kwenye ile soksi yake ya mpira, unatikisika, unazama tena.

Mimi si mtu wa kuamini mashetani. Lakini nikaudaka ule mkono kwa mikono miwili nikauvuta juu. Ukagoma. Nikakaza miguu kwenye dashibodi, nikavuta kwa nguvu zote za ukoo. Huku chini nasikia shemeji anahema, anagumia, anapiga kelele: "Inakuja! Inakuja! Aah, imerudi! Kuna kitu kinaivuta huko juu!"

Tulipambana hivyo kwa robo saa nzima. Mkono wa gia, kumbe, unasimama juu ya giaboksi, na unatakiwa ufunguliwe kutoka ndani ya kabini kabla hujashusha chochote. Aliyekuja kutuamua ni mke wangu. Alichungulia dirishani akaniona nimening'inia kwenye gia, akainama akamwona kaka yake amening'inia kwenye giaboksi, akauliza, "Baba watoto, mnavutana nini?"

Hatukuwa na jibu. Ng'ambo ya ua nikasikia mtu anakohoa, kile kikohozi cha kuficha kitu kingine.

Tukaufungua mkono wa gia. Giaboksi ikashuka, na kwa kuwa jeki ilikuwa moja na ilikuwa imeshikilia injini, ilishukia kwenye kifua changu. Ule si mzigo wa kupokea kama mtoto mchanga. Ni chuma kitupu, kinateleza kwa mafuta, na kina ncha mbele, ile shafti inayoingia kwenye klachi, ambayo ilinielekea kidevuni. Nililala nimeikumbatia mpaka shemeji alipozunguka upande wa pili na kuniburuta pamoja nayo, kama wapenzi waliofumaniwa.

Sahani ya zamani ilikuwa maiti. Lile gamba linaloshika lilikuwa limelika mpaka kwenye ribiti, na ribiti zimeanza kuchora mistari kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma mkiani mwa injini. Kwa wasiojua: hiyo sahani hubanwa kati ya flaiwili ya injini na presha pleti, yaani bamba la chuma linaloikandamiza. Ukikanyaga klachi, beringi inasukuma vile vidole vya presha pleti, sahani inapumua, injini na giaboksi vinaachana kwa muda. Gamba likiisha, hakuna cha kubana, ndipo unapopitwa na matoroli.

Sahani mpya ilikuwa nzuri hata kuitia giza niliona haya. Ina pande mbili. Upande mmoja pale katikati umenyooka, upande wa pili umetokeza, na umeandikwa kwa herufi ndogo neno moja: GETRIEBESEITE.

"Nini hiki?" nikauliza.

Shemeji akaipokea, akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akatikisa kichwa kwa heshima. "Huyu ni mtengenezaji. Mjerumani. Vitu vya Getriebeseite havifi, shem. Lori letu lilikuwa na klachi yake."

"Sasa jina lake linatazama wapi? Mbele kwenye injini au nyuma?"

Hapo ndipo alipotoa hoja ambayo naikumbuka kila nikivaa. Akashika kola ya shati langu, akaigeuza. "Lebo ya fundi cherehani iko wapi? Ndani au nje?"

"Ndani."

"Basi."

Nilikuwa nimechoka, nanuka salfa, nina alama ya shafti kidevuni. Hoja ilinitosha. Tukamgeuzia mzee Getriebeseite uso kwenye injini, tukaweka presha pleti juu yake.

Sahani lazima ikae katikati kabisa kabla hujakaza presha pleti, la sivyo shafti ya giaboksi haitaingia. Mafundi wana kifaa chake cha plastiki. Asiye nacho huchonga mti. Shemeji alipotelea ndani akarudi na kipande cha mti mlaini, mnyoofu, unene wa kupendeza, akakichonga kwa kisu mpaka kikakaa kwenye meno ya sahani bila kuchezacheza. Kazi safi, nakiri. Sikumuuliza mti umetoka wapi.

Jumamosi yote ilikuwa ya kupandisha. Kilichoshuka kwa kifua kilipaswa kupanda kwa kifua. Shafti iliingia nusu ikakwama; tukatia gia, tukazungusha mkia kidogo kidogo ili meno yakutane, tukasukuma, tukabembeleza. Kuna wakati nilimsikia shemeji akiiambia giaboksi, "Njoo mama, njoo, hatukudhuru." Jua linazama, ikaingia. Tuliposhuka uvunguni kukusanya vyombo, zilibaki bolti mbili na klipu moja.

"Za akiba," akasema shemeji, akazitia mfukoni.

Jumapili asubuhi nikawasha. Injini safi. Nikakanyaga klachi, nikasukuma gia ya kwanza. KRRRRRR. Nikajaribu ya pili. KRRRRRR. Ya nyuma ilitoa sauti ambayo kuku waliielewa kabla yangu, wote wakahama.

"Hewa," akasema shemeji. "Kuna hewa kwenye mafuta ya klachi."

Tukamwita mke wangu akanyage pedali, sisi tutoe hewa chini. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Baada ya mara ya thelathini akauliza, "Ninyi mnakunywa hayo mafuta?" akashuka akaenda zake kutafuta fagio lake, ambalo alikuwa analitafuta tangu Ijumaa. Gia bado hazikuingia.

Shemeji hakuwa na haya. "Shem, lori letu lilipokufa klachi, dereva alizima injini, akatia gia ya kwanza, akapiga stata hivyo hivyo. Likaondoka. Hebu tulitembeze kidogo, sahani mpya ikae sawa."

Nikazima. Nikatia gia ya kwanza. Nikapiga stata.

Gari kuukuu halina kile kizuizi cha magari ya siku hizi kinachokataa kuwaka mpaka ukanyage klachi. Ile pikapu ilirukaruka mara tatu kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, injini ikashika, tukaondoka. Nikakanyaga klachi: hakuna kitu. Nikakanyaga zaidi: hakuna kitu. Najua sasa kwamba ningezima ufunguo. Najua pia kwamba ningekanyaga breki kwa nguvu, injini ingezimika. Siku ile mguu wangu ulijua pedali moja tu, nami nikaikanyaga mpaka nyonga ikalia.

Tukapita chini ya kamba ya nguo. Shuka la kitanda likanifunika kioo chote. Nje namsikia shemeji anakimbia pembeni akipiga bodi kwa kiganja kama alivyozoea kwenye lori: "Twende! Twende! Nafasi ipo! Ipo! Ipo! Haipo!"

Ua wa jirani ulisema kraa. Pikapu ikagonga rundo la mchanga, ikajikohoza, ikazima.

Nikashusha kioo, nikasogeza shuka. Yule mzee yuko palepale kwenye kigoda chake, hatua mbili mbele ya bampa, kisigino hakikusogea.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Karibuni," akasema. "Nimewangoja siku tatu."

Hakuuliza maswali mengi. Hakutazama hata uvunguni. Alimwita shemeji, akamwambia, "Mwanangu, sahani mliigeuzia wapi ule upande uliotokeza?"

"Mbele. Jina la mtengenezaji kwa ndani."

"Jina gani?"

Shemeji akalitamka kwa ustadi wake wote. Mzee akafumba macho. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwa muda ambao ulinifanya nihofie afya yake, kisha akajipangusa machozi kwa kofia.

"Hilo si jina la mtu. Ni Kijerumani. Maana yake upande wa giaboksi."

Kimya. Kuku mmoja akarudi, akatutazama, akaondoka tena.

"Pale katikati palipotokeza," mzee akaendelea, "panagusa bolti za flaiwili. Ukikanyaga klachi sahani haina pa kwenda, haiachii. Mnaweza kukanyaga mpaka mwaka mpya."

"Mzee, lakini ulituona tangu Ijumaa," nikalalamika. "Kwa nini hukusema?"

"Hamkuniuliza. Tena betri za redio zilikuwa zinaisha."

Tuliishusha upya siku ile ile, mzee amekaa kwenye kigoda upande wetu wa ua sasa, kwa kuwa ua wenyewe haukuwepo. Hakushika hata spana. Alikuwa ananyoosha kidole tu, nasi tunafungua. Mkono wa gia ulitoka kwanza. Mkia wa giaboksi ulizibwa kwa mfuko wa plastiki na mpira, ingawa shemeji bado alifanya kazi mdomo ukiwa umefungwa. Tuligeuza sahani, tukapandisha, na jioni ilipoingia gia zote zilikuwa zinaingia bila kelele. Bolti za akiba zilikuwa mbili kati ya zile za kushikilia giaboksi. Klipu ndiyo inayoshikilia beringi kwenye uma wake. Mzee alitutazama tulipozitoa mfukoni, akanyamaza kwa namna iliyouma kuliko maneno. Mafuta ya giaboksi alisisitiza tutie yale ya daraja la GL-4, akasema baadhi ya yale ya GL-5 salfa yake hula zile pete za shaba zinazosaidia gia kuingia bila kelele. Shemeji alitaka kumuuliza GL ni nani. Nikamkanyaga mguu.

Ua tuliujenga Jumatatu na Jumanne. Mlimani sijapitwa tena na toroli, ingawa yule bwana tukikutana hunipungia mkono kwa huruma.

Kile kipande cha mti cha kuwekea sahani katikati shemeji alikipangusa grisi, akakiweka kwenye mfuko wa vyombo vyake. Anasema sasa anapokea kazi za klachi. Mke wangu alilipata fagio lake nyuma ya nyumba, limebaki manyoya na mpini wa shubiri moja. Alinunua jingine. Kwenye mpini, kwa kalamu ya wino mzito, ameandika: SI LA GIABOKSI.