Injini Nzima, Safari Hakuna

Ukitaka kujua kama wimbo wa roki unaotaja gari ni wa raha au wa kukata tamaa, usihangaike na mwendo kasi. Sikiliza mwimbaji anasema nini akishamaliza kutaja vipuri.

Mwaka 1962 The Beach Boys waliimba "409", sifa tupu za injini ya Chevrolet yenye inchi za ujazo 409. Kijana amedunduliza senti zake, gari analo, basi. Mwaka 1978 Bruce Springsteen alifungua "Racing in the Street" kwa orodha ya aina hiyohiyo: Chevrolet ya 1969, injini ya 396 (kama lita 6.5), hedi (vifuniko vya juu ya silinda) za "fuelie", mkono wa gia wa kampuni ya Hurst. Mafundi humcheka, na wana haki: hedi zile ni za injini ndogo za Chevrolet, na 396 ni ya ukoo mkubwa, kwa hiyo hazifungiki. Kwangu kosa hilo si kitu. Piano inatambaa taratibu, wimbo wa mashindano ya magari usio na haraka yoyote, na ukifika mbele gari halina hitilafu hata moja. Mwanamke aliyempata kwenye mashindano ndiye anayekaa barazani kwa baba yake, akikodolea macho giza.

"Fast Car" ya Tracy Chapman (1988) inakwenda kinyume. Hata aina ya gari haitajwi. Kinachotajwa ni kaunta ya dukani, baba mlevi, shule iliyokatizwa. Halafu mstari unaojirudia: mwanzoni ni sisi tunaopaswa kuamua, mwishoni ni wewe. Kwa Kiswahili ingekuwa "tu-" kugeuka "u-", silabi moja tu, na mapenzi yamekwisha.

Watunzi wengi hukosea hapa. Wanajaza barabara, machweo na upepo, gari linaondoka kabla hatujajua linakimbia nini. Tanguliza kazi na deni. Kisha lifute gari kwenye ubeti: kama shida imebaki vilevile, lilikuwa pambo.

Jaribu kulifuta kwenye "Stolen Car" (1980), yake Springsteen pia. Huwezi. Ndoa imevunjika, mtu anaendesha gari la wizi usiku kucha akingoja kukamatwa, na hakuna anayemkamata.