Flipa dhaifu: tusafishe pointi au tuongeze umeme?

Mpira unapanda hadi katikati ya ubao, unaishiwa nguvu, unarudi. Kwa mashine ya zamani ya pinball, ule mchezo wa kurusha mpira mdogo wa chuma kwenye ubao ulioinama, hakuna ugonjwa unaojulikana kuliko huu, wala hakuna unaowagawa zaidi watu wanaozitunza.

Flipa ni ule mkono mdogo unaourusha mpira juu mchezaji anapobonyeza kitufe ubavuni mwa kabati. Ilianza mwaka 1947, kampuni ya Gottlieb ya Chicago ilipotoa mashine ya Humpty Dumpty. Kwa takriban miaka 30 baada ya hapo, mashine hizi ziliendeshwa na relei (swichi zinazovutwa na sumaku), mota na koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku umeme ukipita) tu, bila chipu hata moja. Leo, flipa ya mashine kama hizo inapolegea, kundi moja linasema safisha pointi, yaani vile vipande vya chuma vinavyogusana ndani ya swichi ili umeme upite, na rekebisha hadi irudi ilivyotoka kiwandani. Kundi la pili linasema mashine imezeeka, basi iongezewe umeme: ama uhamishie waya kwenye tepu ya juu ya transfoma, yaani kituo chake kinachotoa volti nyingi zaidi, ama ufunge diodi nne, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, ili flipa ipate DC (umeme wa mwelekeo mmoja) badala ya AC (umeme unaogeuka mwelekeo).

Mimi niko upande wa usafi, na sababu yangu kubwa ni ya hesabu. Koili ya flipa ina nyuzi mbili zilizounganishwa mfululizo. Ya kwanza ni nene, ina ukinzani wa ohm chache tu, nayo ndiyo inayotoa pigo. Ya pili ni nyembamba, ina makumi ya ohm au zaidi, na kazi yake ni kuishikilia flipa ikiwa juu bila kuiunguza koili. Kuna swichi ndogo ya mwisho wa mwendo ambayo flipa ikiwa chini hufungika, hivyo umeme huupita ule uzi mwembamba kando. Flipa ikikaribia kufika juu, swichi inaachia na uzi wa pili unaingia kazini.

Sasa chukua uzi mnene wa ohm 3 na umeme wa volti 25. Ukiacha mambo mengine kando, mkondo ni kama ampea 8. Uchafu ukiongeza ohm moja tu njiani, mkondo unashuka hadi ampea 6 na kidogo. Na kwa kuwa nguvu ya sumaku hufuata mraba wa mkondo, pigo linapungua karibu nusu. Ohm moja! Na njia yenyewe ina mahali pengi pa kuipata: pointi za kitufe, pointi za relei, kishikio cha fyuzi kilicholegea, na ile swichi ya mwisho wa mwendo.

Hiyo swichi ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Chomoa waya ukutani, maana kwenye mashine nyingi za aina hii kuzima tu hakuondoi umeme wote ndani. Inua ubao, tazama pointi kwa tochi. Utaona vidonda vyeusi pale cheche zilipopiga, na mara nyingi kilele kidogo upande mmoja na shimo upande wa pili. Pointi hizi kwa kawaida ni za tungsteni, ngumu sana, kwa hiyo msasa laini hauzifai: tumia tupa ndogo hadi zikutane bapa. Kisha sukuma flipa kwa mkono polepole. Pointi zinapaswa kuachana flipa inapomalizia mwendo, zikiacha nafasi ya milimita 2 hivi. Zikiachana mapema, pigo linakatika njiani. Zisipoachana kabisa, uzi mnene unabaki na mkondo wote mchezaji anaposhikilia kitufe. Karatasi ya koili inageuka kahawia, harufu ya kuungua inatoka, na fyuzi ikiwa kubwa kupita kiasi koili inakwenda.

Wanaoongeza umeme, wengi wao huruka hatua hiyo. Umeme mwingi zaidi unapopita kwenye pointi chafu, flipa inachangamka kwa muda huku joto pale pale penye uchafu likizidi.

Lakini hoja zao si za kupuuzwa. Tepu ya juu ya transfoma waliiweka watengenezaji wenyewe, wakijua kuwa volti za ukutani si sawa kila mahali. Pia flipa ndefu, za takriban sentimita 7.5, zilizoingia mwishoni mwa miaka ya 1960 ni mzigo mzito kuliko zile fupi. Na DC kweli ina nguvu zaidi. Koili inapopewa AC huupinga mkondo si kwa waya wake tu bali kwa sumaku yake yenyewe, na diodi zinaondoa sehemu kubwa ya kizuizi hicho. Ule mlio wa kunguruma flipa ikishikiliwa nao unapungua.

Gharama yake ni kwamba AC hupita sifuri mara 120 kwa sekunde kule Marekani, na kila mara cheche hupata nafasi ya kuzimika. DC haiisaidii cheche kufa hivyo, kwa hiyo pointi zinaungua haraka. Mpira nao unagonga plastiki za nusu karne kwa kasi ambayo mbunifu hakuipangia. Mashine ya mwaka 1965 ilibuniwa ikiwa na mapigo mepesi, mchezaji akipanga mpira kwa subira. Ukiiongezea nguvu sana, huo si mchezo ule tena.

Kuna kitu kimoja ambacho usafi hauwezi kukiponya: chuma kilicholika. Plunja, kile chuma kinachovutwa ndani ya koili, ikiwa na ncha iliyotanuka kama uyoga itakwama kwenye mrija wa koili hata pointi zikiwa zinang'aa. Kiungo cha plunja na flipa chenye tundu lililopanuka kinapoteza mwendo. Hapo badilisha, na mrija mpya uwekwe mkavu, bila oili wala grisi.

Kujua pa kuanzia si kugumu. Flipa zote mbili zikiwa dhaifu, tafuta kwenye njia ya pamoja: relei, kishikio cha fyuzi, transfoma, volti za ukutani. Ikiwa dhaifu ni moja, shida ni yake: kitufe chake, swichi yake, chuma chake. Ukimaliza hayo yote na mpira bado haufiki juu, pima volti kabla ya kugusa tepu, maana tepu mara nyingi huongezea umeme koili nyingine pia. Diodi ziwe za mwisho, zifungwe bila kukata waya wa asili, na karatasi inayoeleza ulichofanya ibandikwe ndani ya kabati kwa ajili ya fundi ajaye.