Ustahimilivu, na siku za kuamia ndege

Siku hizi huendi kwenye mafunzo ya wakulima hapa Dodoma ukakosa neno hili: kilimo stahimilivu, mbegu stahimilivu, jamii stahimilivu. Wapo waliolichoka. Wanasema ni namna mpya ya kuwaambia watu wavumilie, na mara nyingi huonekana wakorofi, wasioshukuru.

Wanaolitetea hawakosi hoja. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 tu, na katikati yake jua huweza kuwaka wiki mbili tatu. Hindi likikutwa linatoa mbelewele, basi tena. Mtama hukunja majani, ukasinyaa ukadhani umekufa, kumbe unasubiri. Mvua ikirudi, nao unaendelea. Neno la Kiingereza tunalolitafsiri hivyo, resilience, lina asili ya Kilatini ya kuruka na kurudi, mithili ya springi. Mtama ndivyo ulivyo.

Ila neno letu lina ukoo mwingine. Stahimili, himili na hamali ni ndugu, na shina lao la Kiarabu ni kubeba. Mama wa Chamwino akilisikia anasikia mzigo, wala hajakosea. Tena hamali wa soko la Majengo hupatana bei kwanza.

Tuufuate huo mtama mpaka unapokomaa. Kwelea kwelea mmoja, ndege mdogo mla nafaka, hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kidogo sana, punje za kujaa kiganja cha mtoto. Kundi la ndege milioni moja, na makundi ya namna hiyo yapo, ni tani 10: magunia 100 ya kilo mia kabla ya magharibi. Siku moja hiyo! Kesho wanarudi. Ndege ya kunyunyizia sumu ikichelewa, anayebaki kuamia, yaani kuwafukuza ndege shambani, ni mama juu ya dungu tangu alfajiri, anagonga debe bovu, na mwanawe mwenye kombeo ambaye leo hakwenda shule. Hindi, lililojifunika maganda yake, kwelea kwelea hawana habari nalo.

Kwa hiyo mbegu imestahimili ukame, na kilichobaki kimestahimiliwa na mama. Mimi sitaki neno lifutwe. Nataka kwenye ule ubao wa mafunzo, panapoandikwa gharama za ekari ya mtama, chini ya mbegu na palizi paandikwe pia kuamia ndege, siku ngapi, watu wangapi, kwa shilingi ngapi.