Njia ya Mkato ya Nguu Tatu

Sahibu yangu ana ugonjwa mmoja: haulizi njia. Hata Mji wa Kale wa Mombasa, ambako kila baraza lina mzee wa kumuuliza, atakuzungusha mpaka muione Fort Jesus mara tatu, kisha aseme alitaka uone milango ya nakshi.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane akanipigia simu. Twende Nguu Tatu, juu kuna mahali waiona bahari yote, Nyali mpaka Shanzu. Tukanunua viazi karai Bamburi Mtambo, na ukwaju wa pilipili kwenye chupa, tukapanda matatu ya Kiembeni. Chini ya kilima kijana wa bodaboda akatuita, "Hamsini tu mpaka juu!" Sahibu akamcheka. Yeye alikuja huku utotoni kuchuma zambarau. Kuna njia ya mkato.

Njia ilikuwa nzuri hatua kama thelathini. Kisha ikawa ya mbuzi. Kisha mbuzi aliyekuwa mbele yetu akasimama, akatazama, akarudi.

Hapo ndipo nilipoona maganda ya kahawia yakining'inia kichakani, yana manyoya laini kama mtoto wa paka. Nimesoma shule ya msingi Pwani miaka minane, upupu naujua kuliko hesabu. Na bado nikalishika moja nikasema, "Tazama yalivyo mazuri." Upepo wa kusi nao ukaona huo ndio wakati wake.

Upupu hauumi, ungeuma ungekuwa na heshima. Unaanza shingoni kama mtu anakunong'oneza. Ukigusa, umeuamsha ukoo mzima. Kujikuna kunavididimiza vile vinyweleo ndani, na kutojikuna sijamwona aliyekuweza. Nilijikuna kwa mikono, kwa gogo, kwa mgongo wa sahibu. Yeye shati limeshatoka, yuapiga mayowe, "Maji! Nimwagie maji!"

Nikamwagia. Kumbe ule ulikuwa ukwaju.

Sijui tulipandaje. Nakumbuka suruali zikibaki nyuma, na sisi tukichomoka kichakani na chupi na mfuko wa viazi, mbele ya bibi mmoja aliyeshika fagio.

"Shikamoo bibi," nikasema, huku najikuna kwapa.

"Marahaba. Mwafuata nini nyuma ya choo changu?"

Sahibu akamweleza kwamba twatafuta mandhari. Bibi akatutazama kitambo, akaita wajukuu waje waone watu wazima, kisha akachota jivu jikoni akatusugua bila huruma, kama asuguaye sufuria. Maji akatukataza kabisa. Viazi vyetu wajukuu walivipa heshima zote. Halafu akatutupia leso mbili kuukuu tujistiri. Na leso, mwajua, haikosi jina. Ya sahibu: "Uliyataka mwenyewe." Yangu: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Tulipozifunga, maneno yakakaa sawasawa matakoni.

Mahali penyewe palikuwa papo hapo. Chini, misitu ya mivinje iliyoanza kupandwa 1971 kwenye machimbo ya saruji. Mbele yake mawimbi yakivunjika mwambani mstari mweupe. Kisha buluu tupu mpaka macho yachoke. Na mlango wa choo umeelekezwa huko huko. Bibi si mjinga. Nilipiga picha kumi na mbili, zote zimetikisika.

Upande wa pili wa ua kulikuwa na barabara, na barabarani, yule yule kijana wa bodaboda. Akazunguka nyuma yetu taratibu, akasoma leso ya kwanza kwa sauti, akasoma ya pili.

"Kushuka mia mbili kila mmoja. Na msiniguse."

Sahibu akafungua mdomo, macho yake yakielekea kichakani. Nikalipa mia nne kabla neno halijatoka.